NANI ATANGULIE? Somo la Kukadiria Uhai wa Majeruhi kwa Vipimo Vitano

Katika mikutano ya Chama chetu cha Kiswahili tumezoea mijadala ya ngeli, methali na mashairi. Safari hii mlezi wetu alitupa kazi ya namna nyingine: kila mwanachama achague jambo moja la sayansi, alieleze kwa Kiswahili mpaka hata asiyesoma bayolojia aelewe. Wengine walichagua umeme, wengine mbolea. Mimi nilichagua hesabu inayofanywa kando ya kitanda cha majeruhi ili kukadiria kama ataishi au maisha yake yamo hatarini. Maswali niliyoulizwa siku ile yalikuwa mengi kuliko dakika tulizokuwa nazo. Ndiyo sababu nimeliandika somo hili hapa kwa utaratibu.

1. TATIZO LENYEWE

Tuseme matatu imepinduka kwenye kona. Watu kumi na wanne wamelala nyasini. Hospitali iliyo karibu ina tabibu mmoja, wauguzi wawili na mtungi mmoja wa oksijeni. Wote kumi na wanne wanafika kwa wakati mmoja, wengine kwa pikapu, wengine kwa bodaboda. Je, nani atangulie kuhudumiwa?

Wengi wetu tungemkimbilia anayepiga mayowe. Ni kawaida ya binadamu. Lakini hebu tufikiri kidogo. Ili mtu apige mayowe, ni lazima koo lake liwe wazi, mapafu yake yavute hewa ya kutosha, na ubongo wake uwe unafanya kazi. Mayowe yenyewe ni habari njema! Yule aliyelala pembeni hasemi lolote, watu wakadhani amepumzika tu, ndiye wa kuogopewa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika chumba cha majeruhi maneno hayo ni kweli tupu.

Jambo hili si la kubuni. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu zaidi ya 200 walipoteza maisha na maelfu wakajeruhiwa. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori liliwagonga watu na magari, wakafariki watu zaidi ya 50. Siku kama hizo hakuna hospitali duniani yenye madaktari wa kumtosha kila mtu kwa dakika ile ile. Hata siku za kawaida, ajali moja tu ya usiku inatosha kuijaza hospitali ndogo. Kwa hivyo lazima pawe na njia ya kupanga. Njia hiyo nayo iwe ya haraka na ya haki, isiyotegemea nani ana sauti kubwa au nani ana jamaa mwenye cheo.

2. KUTOKA MANENO HADI NAMBA

Zamani madaktari walieleza hali ya majeruhi kwa maneno. Huyu angeandika "nusu fahamu", yule "usingizi mzito", mwingine "amezubaa". Shida ni kwamba kila mmoja alikuwa na maana yake. Muuguzi wa zamu ya usiku akisoma "amezubaa" hakujua kama mgonjwa amepata nafuu au amezidiwa tangu mchana.

Mwaka 1974 madaktari wawili wa upasuaji wa ubongo mjini Glasgow, Uskochi, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo kilichopewa jina la mji huo. Waliacha maneno ya jumla wakachagua mambo matatu ambayo mtu yeyote akifunzwa anaweza kuyaona: mgonjwa anafungua macho vipi, anasema nini, na anasogeza viungo namna gani. Kwa kipimo kinachotumika leo, macho yana alama 4, kusema alama 5, na kusogeza viungo alama 6. Anayepata 15 yu timamu. Anayepata 3, ambayo ndiyo ya chini kabisa, hafungui macho, hasemi, hasogei. Mtu aliyeumia kichwa akipata 8 au chini, madaktari huhesabu kwamba ubongo wake umeumia vibaya.

Mwaka huo huo wa 1974, huko Marekani, Susan Baker na wenzake walitoa kipimo kingine kinachohesabu ukubwa wa majeraha yenyewe, sehemu kwa sehemu ya mwili. Ni kipimo kizuri kwa utafiti, ila kina kasoro moja kubwa: lazima kwanza ujue kila kilichoumia ndani. Mara nyingi jambo hilo hujulikana baada ya picha au upasuaji, na pengine baada ya maiti kuchunguzwa. Kando ya kitanda, saa nane ya usiku, hakisaidii sana.

Mwaka 1989 Howard Champion na wenzake, pia wa Marekani, wakatoa kipimo kilichorekebishwa chenye mambo matatu: kile kipimo cha Glasgow, presha ya damu, na idadi ya pumzi kwa dakika. Hiki kinaweza kufanyiwa kando ya kitanda. Lakini ukitaka kukadiria uhai sawasawa, lazima uzidishe kila alama kwa desimali ndefu. Ile ya Glasgow, kwa mfano, huzidishwa kwa 0.9368. Sasa niambie, nani atafanya hesabu hiyo huku damu inamwagika sakafuni?

3. KIPIMO KILICHOZALIWA KAMPALA

Hapa ndipo somo langu linapofika kwa majirani zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dkt. Olive Kobusingye wa Uganda pamoja na Dkt. Ronald Lett kutoka Kanada walitaka kujua ni nani wanaoumia, wanaumia vipi, na ni nani wanaopona katika hospitali za Uganda, ikiwemo Mulago jijini Kampala. Vipimo vya ng'ambo vilidai mashine na wataalamu ambao hospitali nyingi hazikuwa nao. Basi wakatengeneza chao, kikaingia katika fomu ya ukurasa mmoja, na taarifa ya kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2000. Kipimo hicho hujulikana kama Alama ya Kampala.

Vifaa vyake ni saa yenye mshale wa sekunde, mashine ya kupimia presha, macho yako na sauti yako. Mambo yanayopimwa ni matano. Tofauti na ushuru, hapa alama nyingi ni njema, kama katika mtihani wetu.

(a) Umri. Mwenye miaka kati ya 5 na 55 hupewa 2. Mtoto wa chini ya miaka 5, au mtu aliyepita miaka 55, hupewa 1. Sababu ni kwamba mwili mchanga una damu kidogo ya akiba, nao mwili mzee una moyo na mapafu yasiyoweza kuongeza kasi kama zamani.

(b) Presha ya damu, ile namba ya juu, inayopimwa kwa milimita za zebaki. Ikizidi 89 ni alama 4. Kati ya 50 na 89 ni 3. Kati ya 1 na 49 ni 2. Isipopatikana kabisa ni 1.

(c) Pumzi kwa dakika. Kati ya 10 na 29 ni alama 3. Zikiwa 30 au zaidi ni 2. Zikiwa 9 au chini ni 1. Anayepumua mbio mbio huenda amepoteza damu au kifua kimeumia, na mwili unatafuta oksijeni kwa nguvu. Anayepumua polepole mno ni hatari zaidi, maana huenda ubongo unaoamrisha pumzi umeanza kushindwa.

(d) Fahamu. Hapa hakitumiki kipimo kirefu cha Glasgow, bali ngazi nne tu. Chamani tulizipa herufi MSUK ili tuzikumbuke, ukifikiria msuko wa nywele. M ni Macho: yu macho, anaongea nawe, alama 4. S ni Sauti: hafumbui macho mpaka umwite, alama 3. U ni Uchungu: hashtuki mpaka umbonyeze ukucha, alama 2. K ni Kimya: hata ukimbonyeza hasogei, alama 1.

(e) Majeraha mabaya, yaani yale ambayo kila moja peke yake lingetosha mtu kulazwa. Kama hakuna, alama 3. Likiwa moja, 2. Yakizidi moja, 1.

Jumlisha. Aliye salama kabisa anapata 16, na aliye mahututi kabisa anapata 5. Kwa kawaida 14 hadi 16 huhesabiwa jeraha dogo, 11 hadi 13 la wastani, na 10 kushuka chini ni jeraha kubwa linalotisha uhai. Baadaye kipimo hiki kilifupishwa zaidi kikawa na alama 10 kwa jumla, lakini mambo yanayopimwa ni yale yale matano.

4. TUFANYE HESABU

Turudi kwenye ile matatu yetu ya kubuni, tuchukue watatu kati ya wale kumi na wanne.

Wa kwanza ni kijana wa miaka 19. Analia kwa sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya mto, mkono umevunjika. Presha yake ni 124, pumzi 24, yu macho, jeraha baya moja. Alama: 2 + 4 + 3 + 4 + 2 = 15.

Wa pili ni mzee wa makamo, miaka 40, ameketi chini ya mti akishika tumbo. Uso umepauka na ana jasho baridi. Ukimwita ndipo anafungua macho. Presha 84, pumzi 32, jeraha baya moja. Alama: 2 + 3 + 2 + 3 + 2 = 12.

Wa tatu ni nyanya wa miaka 63. Amelala kana kwamba yu usingizini. Anashtuka tu akibonyezwa ukucha. Presha 78, pumzi 8, kichwa na nyonga vyote vimeumia. Alama: 1 + 3 + 1 + 2 + 1 = 8.

Kumbe mpango umegeuka! Yule aliyewavuta watu wote kwa kilio ndiye wa mwisho, na nyanya ambaye hakuna aliyemsikia ndiye wa kwanza. Kijana naye hatupwi. Atafungwa gango na kupewa dawa ya kutuliza uchungu, lakini anaweza kungoja dakika thelathini. Nyanya hawezi kungoja hata tano.

Sasa mwangalie yule mzee wa makamo. Baada ya robo saa muuguzi anampima tena. Presha imeshuka kutoka 84 hadi 70, pumzi zimepanda hadi 36, na sasa anaitikia uchungu tu. Alama yake ni 2 + 3 + 2 + 2 + 2 = 11. Imeshuka kwa alama moja tu, ilhali mwenyewe anazama. Presha ya 84 na ya 70 zote zinapata 3! Hapa tunapata funzo muhimu: jumla huficha mambo, na kipimo kimoja ni kama picha moja ya mpira wa miguu, hakikuonyeshi mpira unaelekea wapi. Ndiyo maana wauguzi wazuri huandika namba zenyewe pamoja na saa, kisha hupima tena na tena.

5. KWA NINI PRESHA HUCHELEWA KUSEMA

Swali hili liliulizwa chamani: kama mtu anavuja damu, mbona presha haishuki mara moja?

Mtu mzima wa kadiri ana damu kama lita 5. Akipoteza kiasi cha nusu lita, kama anayechanga damu, mwili hauoneshi mengi. Akiendelea kupoteza, moyo huongeza mbio na mishipa hujibana, ngozi ikawa baridi na nyeupe. Kwa njia hiyo presha hushikiliwa juu. Kwa kawaida huporomoka wakati karibu theluthi moja ya damu imekwisha kutoka, yaani lita moja na nusu au zaidi. Presha ni kama mwenye nyumba anayekopa kimya kimya ili wageni wasijue ana njaa. Siku siri inapotoka, deni limeshakuwa kubwa.

Mwaka 1967 madaktari Allgöwer na Burri walipendekeza hesabu rahisi ya kuitoa siri hiyo mapema: gawanya mapigo ya moyo kwa presha ya juu. Mtu mzima mwenye mapigo 80 na presha 120 anapata 0.67, na kwa kawaida jibu huwa kati ya 0.5 na 0.7. Mwenye mapigo 120 na presha 100 anapata 1.2. Ukitazama presha peke yake, 100 si mbaya sana. Ukitazama jibu la kugawanya, unajua kwamba moyo unapiga mbio ili kuficha upungufu wa damu. Likifika 1 au kupita, daktari hangoji.

6. TUNAJUAJE KWAMBA ALAMA HUSEMA KWELI?

Mtu anaweza kubuni alama zozote, hata za urefu wa pua. Lazima zijaribiwe. Jaribio lenyewe ni kazi ya daftari. Kila majeruhi anapoingia, alama yake huandikwa. Halafu hufuatwa mpaka ijulikane alipona au alifariki. Baada ya mamia ya watu, daftari hufunguliwa.

Swali la kwanza huwa hivi: nikichukua mmoja aliyepona na mmoja aliyefariki, bila kuchagua, ni mara ngapi aliyepona alikuwa na alama ya juu zaidi? Ikiwa ni mara 50 kati ya 100, kipimo hakina faida kuliko kurusha sarafu. Kadiri kinavyokaribia 100 ndivyo kinavyoaminika. Mwaka 2003 ilichapishwa taarifa iliyolinganisha Alama ya Kampala na vipimo vile vya ng'ambo kwa kutumia daftari la majeruhi wa Uganda. Ikaonekana kwamba kile cha saa na mashine ya presha kinakadiria uhai kwa kiwango kinacholingana na vile vya gharama. Jamani, si hilo ni jambo la kujivunia Afrika Mashariki?

Swali la pili ni gumu zaidi: mstari uchorwe wapi? Huu ni mfano wangu wa darasani tu. Tuseme majeruhi 200 waliletwa na 10 wakafariki. Ukisema "kila mwenye chini ya 14 ni hatari", pengine unawanasa 9 kati ya wale 10, lakini kengele inalia kwa watu 60, na madaktari wanachoka bure. Ukisema "chini ya 11", kengele inalia kwa watu 15 tu, ila unawanasa 6, na wanne wanafia kwenye benchi wakingoja. Hakuna mstari usio na gharama. Hospitali nyingi huona afadhali kengele ilie bure mara kadhaa kuliko mmoja aliyekuwa hatarini asahaulike.

Nchi nyingine nazo zimeendelea kutafuta kipimo kifupi. Ufaransa walitoa kimoja mwaka 2010 na Japani kingine mwaka 2011, vyote vikitumia kipimo cha Glasgow, umri na presha. Cha Ufaransa kiliongeza swali la namna mtu alivyoumia. Kote huko mambo yanayochaguliwa hayatofautiani sana: ubongo, damu, pumzi na umri. Mwili wa binadamu ni mmoja.

7. MIPAKA YA KIPIMO

Nisije nikaeleweka vibaya. Alama hizi zina udhaifu, na anayezitumia bila kuujua ni hatari kuliko asiyezitumia.

Kwanza, watoto. Mtoto mchanga mwenye afya anaweza kupumua mara 40 kwa dakika, ambazo kwa kipimo chetu zinamkata alama. Kwa upande mwingine, mtoto aliyeumia huishikilia presha yake mpaka dakika za mwisho, kisha huporomoka ghafla.

Pili, wazee wenye ugonjwa wa presha. Babu aliyezoea presha ya 170 akipatikana na 110, kipimo kinampa alama zote 4, kumbe kwake hiyo ni presha ya mtu anayevuja damu.

Tatu, pombe na dawa za kulevya hushusha fahamu. Ila ole wake anayesema "huyu amelewa tu, mwacheni alale". Mlevi pia ana fuvu, nalo huvunjika. Asiyeitikia ahesabiwe ameumia kichwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Nne, na hili ndilo kubwa, alama husema juu ya kundi, haisemi juu ya mtu. Ikisemwa kwamba wengi wenye alama 8 hufariki, haina maana kwamba nyanya wetu atafariki. Baadhi ya wenye alama hiyo hupona, na mara nyingi hupona kwa sababu walitanguliwa. Wakati wa msiba mkubwa madaktari hulazimika kuamua mambo mazito, kwamba nguvu chache ziende pale zitakapookoa wengi. Uamuzi huo ni wa watu, waufanye wakiwa na huzuni na ufahamu. Tusiibebeshe namba dhambi ya kumwacha mtu.

8. LUGHA NAYO NI KIFAA CHA UGANGA

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote yana uhusiano gani na Chama cha Kiswahili? Uhusiano upo, tena mkubwa.

Angalia tena ngazi za fahamu. Ngazi ya pili ni sauti. Kile kipimo cha Glasgow kinauliza kama mgonjwa anajua yeye ni nani, yuko wapi, na ni wakati gani. Sasa fikiria mama kutoka kijijini anayejua lugha ya kwao pekee, anaulizwa kwa Kiingereza leo ni tarehe ngapi. Ananyamaza. Je, ubongo umeumia au hakuelewa swali? Akiandikiwa alama ya chini kwa kosa la lugha, huenda akapelekwa kupigwa picha ya kichwa isiyohitajika, na mwenzake anayeihitaji angoje. Au kinyume chake: kesho ubongo wake ukianza kuvimba, hakuna atakayeona tofauti, maana hata jana "hakujibu".

Dawa yake ni rahisi. Mwite mtu kwa jina lake, na kwa lugha anayoielewa. Uliza maswali mafupi: "Unaitwa nani? Uko wapi hapa? Umefanya nini?" Ikibidi, mtafute mkalimani hata kama ni mfagizi wa wodi. Nasi tunaopenda lugha tuna kazi ya kuhakikisha maneno ya uganga yapo katika Kiswahili kinachoeleweka, siyo kukaa tu kwenye vitabu.

9. SISI WANAFUNZI TUNAWEZA NINI?

Sisi si madaktari, na sikuandika somo hili ili mtu aanze kugawa alama barabarani. Lakini ajali ikitokea mbele yako, kuna mambo unayoweza.

Hakikisha kwanza hakuna gari jingine linalokuja. Piga simu 999 au 112. Waendee wale walio kimya kabla ya wanaolia. Damu inayobubujika ibanwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua kila mara kuchungulia. Kisha tumia saa yako. Tazama kifua kikipanda na kushuka, hesabu kwa dakika nzima. Chamani tulijaribu hili sisi kwa sisi, tukagundua kwamba mtu akijua unamhesabia pumzi, anaanza kupumua kwa madaha! Basi mshike kifundo cha mkono kana kwamba unahesabu mapigo, huku macho yako yako kifuani. Andika kwenye karatasi: "Saa 10:20, pumzi 28, anaitikia sauti." Karatasi hiyo mpe muuguzi. Akimpima mgonjwa saa 11 na kukuta pumzi 36 na anaitikia uchungu tu, atajua papo hapo kwamba huyu anazidiwa. Pasipo karatasi yako, angedhani ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo.

Karatasi moja na kalamu tu, hata mwanafunzi asiye na senti mfukoni anavyo. Haba na haba hujaza kibaba.

MSAMIATI

Majeruhi: mtu aliyeumia kwa ajali, kipigo au silaha.
Mahututi: aliye katika hali mbaya, karibu na kufa.
Gango: kijiti au ubao unaofungwa kwenye mfupa uliovunjika ili usisogee.
Kupauka: kupoteza rangi ya kawaida, kuwa mweupe kwa kukosa damu.
Tabibu: mtaalamu anayetibu wagonjwa, hasa katika hospitali ndogo.

ZOEZI

1. Mtoto wa miaka 7 amegongwa na pikipiki. Presha 92, pumzi 34, mapigo ya moyo 138, yu macho, ana jeraha baya moja tumboni. Tafuta Alama yake ya Kampala.
2. Gawanya mapigo yake kwa presha. Jibu linakuambia nini ambacho alama haikusema?
3. Taja ngazi nne za MSUK, kisha eleza kwa nini lugha ya mgonjwa ni muhimu katika ngazi ya pili.

Majibu: (1) 2 + 4 + 2 + 4 + 2 = 14, yaani anaonekana ana jeraha dogo. (2) Ni 1.5. Moyo wake unakimbia mno hata kwa mtoto. Huenda anavuja damu tumboni, asiachwe kwenye foleni. (3) Soma tena sehemu ya 3 na ya 8, halafu umweleze jirani yako wa dawati. Akikuelewa, umefaulu.